Je, Wajua? Kuvu Rafiki Hufungwa Ndani ya Punje

Je, wajua kwamba si kila kuvu ni adui wa shamba? Mkulima wa nyanya anaijua iliyo mbaya: jioni miche imesimama wima, asubuhi imelala kitaluni, shina limesinyaa pale linapogusana na udongo. Huo ni ugonjwa wa kinyausi, na Rhizoctonia solani ni miongoni mwa kuvu zinazouleta. Lakini katika udongo huohuo huishi kuvu nyingine, Trichoderma, inayojilisha kwa waharibifu hao. Richard Weindling alilieleza jambo hili nchini Marekani mwaka 1932.

Kwa hadubini, uzi wa Trichoderma huonekana ukiufuata uzi wa adui na kujizungusha juu yake. Kisha hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kaitini, kiungo cha ukuta wa seli za kuvu, na kufyonza kilichomo ndani. Aina nyingine za Trichoderma huingia kwenye tabaka za nje za mzizi na kuishi humo bila kuudhuru. Mmea nao huamsha kinga yake, na mara nyingi mizizi hutanuka na kupata virutubisho zaidi.

Kazi ngumu ni kuifikisha kuvu hii shambani ikiwa hai. Spora, yaani chembe zake za kuzaliana, zikimwagwa hivihivi huuawa na jua kali, joto na ukavu, na zinazosalia hugombea chakula na vijidudu wenyeji wa udongo. Dawa yake ni kuzifunga.

Spora huchanganywa na alginati, utomvu unaotokana na mwani wa kahawia, pamoja na pumba kidogo za ngano. Mchanganyiko hudondoshwa tone kwa tone ndani ya maji yenye kloridi ya kalisi. Kalisi huziunganisha nyuzi za alginati, na kila tone hugeuka papo hapo kuwa punje laini ya mviringo. Zikikaushwa, punje husinyaa na kuwa ndogo kama ulezi. Mwaka 1985, Deborah Fravel na wenzake nchini Marekani walichapisha njia ya namna hii, wakiongeza unga wa udongo mfinyanzi.

Punje ikipata unyevu ardhini hufura. Spora huchipua, hula pumba zilizowekwa akiba, na nyuzi hutoka zikiwa na nguvu ya kushindana.

Hayo huchukua muda, kwa hiyo wakati ndio kila kitu. Trichoderma hukinga zaidi kuliko kuponya. Mche ulioanza kuoza haiuokoi. Iwekwe kitaluni au kwenye shimo la kupandia, karibu na mizizi, kabla ugonjwa haujaingia. Udongo uwe na unyevu na mboji. Usiichanganye na kiuakuvu bila kusoma lebo, maana dawa inayoua kuvu mbaya yaweza kuua na hii uliyoinunua. Ni kiumbe hai: kihifadhi mahali pa baridi, na kitumie kabla muda wake haujapita.