Kujifunza Umakanika: Gereji au Chuo?

Vijana wengi wanapenda kuwa mafundi wa magari. Je, wajifunzie wapi?

Kijana wa gereji humtazama fundi. Mikono yake huzoea spana upesi. Lakini mara nyingi haelezwi sababu. Kijana wa chuo huelezwa sababu ubaoni. Lakini ubao peke yake haumfanyi mtu kuwa fundi.

Tuchukue mfano. Gari linapanda kutoka Usa River kwenda Momela. Injini inachemka. Kijana anataka kufungua rejeta aongeze maji. Hiyo ni hatari! Maji ya ndani yamebanwa, nayo ni ya moto sana. Ukifungua, yatageuka mvuke ghafla na kukuunguza uso. Anayejua sababu husubiri injini ipoe.

Kwa hiyo njia zote mbili zinahitajiana. Mwalimu aeleze, aonyeshe, kisha mwanafunzi afanye mwenyewe. Sisi mabwana shamba hufundisha hivyo hivyo shambani.

VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha darasani na kwenye karakana. Pia mafundi waliojifunzia kazini wanaweza kupimwa na kupata vyeti.

Mzazi, kabla ya kulipa ada, uliza: Mwanangu atashika spana? Ataelezwa sababu? Yote mawili ni lazima.