Vidato vya Kamba: Njia Njema ya Kupanda Mti

Mzee mmoja katika skimu ya makazi alimwita mpasua mbao aje anunue migrivea yake minne. Miti ilikuwa minene na imenyooka. Lakini mwenye msumeno alipoitazama sana aliona vichwa vya misumari vimezama katika gome. Miaka mingi nyuma vijana wa mzee walipigilia vipande vya mbao wapate mahali pa kukanyaga. "Mzee, siwezi," akasema. "Msumari mmoja utavunja meno ya msumeno wangu." Mzee akaiuza miti yake kwa bei ya kuni.

Mgrivea, ambao wengine huuita mubariti au mukima, asili yake ni Australia. Uliletwa huku kuwa kivuli cha kahawa na chai, na leo umesimama katika mipaka ya mashamba mengi. Matawi yake hupunguzwa ili mahindi yapate jua na jikoni kupatikane kuni. Kwa hiyo lazima mtu apande juu. Akipigilia misumari au kutema ngazi kwa panga, hujeruhi mti, na uozo huingia katika jeraha. Akipanda kwa mikono mitupu, huenda akaanguka.

Iko njia nyingine isiyo na gharama kubwa: vidato vya kufunga kwa kamba.

Vifaa. Kata vijiti vya mti mgumu, vinene kama kifundo cha mkono, urefu wa futi 2. Tafuta kamba nzima ya katani, nene kama kidole cha mwisho. Kwa shina lenye upana wa inchi 8, kila kidato kinataka kamba ya futi 20 hivi.

Kufunga. Kwanza, zungusha kamba katika shina mara moja, ipitishe juu yake yenyewe, izungushe tena, kisha ingiza ncha chini ya pale ilipopishana. Vuta kwa nguvu. Pili, weka kijiti kimelala juu ya fundo hilo, kikitokeza sawasawa pande zote mbili. Tatu, pitisha kamba mbele ya kijiti kwenda juu, nyuma ya shina, ishuke mbele ya kijiti upande wa pili, kisha nyuma ya shina tena. Fanya hivyo mara 3, ukikaza kila mara. Nne, zungusha kamba mara 2 katikati ya kijiti na shina, ili ibane mizunguko yote. Malizia kwa kufunga ncha katika kijiti kwa fundo kama lile la kwanza.

Kabla ya kupanda, kanyaga kidato cha kwanza kwa miguu yote miwili, mmoja kila upande, na urukeruke. Kikishuka, fungua ukifunge upya. Kila kidato kiwe futi moja na nusu juu ya mwenzake.

Usalama. Zungusha kamba nyingine imara katika kiuno chako na shina, usiifungue mpaka ushuke. Anza na matawi ya chini, ukiendelea juu. Hivyo hakuna tawi litakalozuia kamba ya kiuno. Tumia msumeno mdogo, si panga, kwa maana panga likiteleza laweza kukata kamba iliyokushika. Kata kwanza chini ya tawi kidogo, kisha juu, ili gome lisichanike. Acha matawi ya kileleni. Usipande mti ukiwa umelowa, wala usipande peke yako. Na watoto wakae mbali.

Kazi ikiisha, shuka ukifungua vidato kimoja kimoja. Kamba ikiachwa hukaba mti unaponenepa, nayo katani ikikaa katika mvua huoza kwa siri. Ianike, uitundike pakavu, na uikague kila mara. Kamba iliyochakaa ifungie ndama, usiifungie maisha yako.

Mkulima, mti wa mpakani ni akiba ya karo na ya mabati. Uutunze bila msumari, nawe urudi chini mzima.