Tromboni Mbele ya Ndugu Zake

Bendi ya ala za kupuliza haina fidla wala chelo. Ina filimbi, klarineti, saksafoni, tarumbeta, tuba, na kwa kawaida safu yake ya tromboni. Mtunzi akimsimamisha mpiga tromboni mwingine mbele ya bendi hiyo awe mpigaji mkuu, tatizo huzuka papo hapo: atasikikaje, ilhali nyuma yake wamejipanga wenzake wenye sauti ileile?

Rimsky-Korsakov, akiwa mkaguzi wa bendi za jeshi la majini la Urusi, alitunga koncheto ya tromboni na bendi ya kijeshi mwaka 1877. Humo bendi inasindikiza kwa staha. John Mackey wa Marekani alishika njia ngumu zaidi katika Harvest, kazi ya mwaka 2009 ya dakika 18 hivi, aliyomtungia Joseph Alessi, kiongozi wa tromboni wa okestra ya New York Philharmonic, apige na bendi ya chuo cha kijeshi cha West Point. Kisa ni cha Dionysus, mungu wa mizabibu wa Wagiriki wa kale, anayekufa kila mwaka mizabibu inapopogolewa na kurudi inapochipua. Waumini wake, wakishalewa, walirarua kafara vipande vipande.

Kazi inaanza polepole, ala za kugonga zikiwaita waumini kwenye ibada. Kwangu, uamuzi huo ni wa busara kuliko mwingine wowote humu. Klarineti nyingi zikishika noti ndefu, hujaza nafasi yote ambayo tromboni ingepitia. Pigo la ngoma huvuma likafifia, na kabla ya pigo linalofuata pamebaki mwanya wa mpigaji kuingia. Hivyo bendi inatisha bila kumfunika.

Umbo la ala nalo linasaidia. Mdomo wa tromboni hutupa sauti kali moja kwa moja mbele, kwa hiyo anayesimama mbele ya jukwaa akiwaelekea watu huwafikia kwa ukali ambao safu ya nyuma haina. Kisha kuna ule mrija wa kuvuta: nafasi saba, na kati yake sauti inaweza kuteleza bila kukatika, ikalia kama mtu.

Sehemu tatu za kazi zimeunganishwa: ya kwanza inapanda hadi vurugu, ya pili ni tulivu, ya tatu ni dansi ya furaha. Kwa kuwa vurugu hiyo ni ya waumini, na tromboni inasimama mahali pa Dionysus, bendi inapomzidi nguvu mpigaji, msikilizaji anasikia umati ukimvamia mungu wake. Kiongozi wa bendi anayewanyamazisha watu wake tangu mwanzo hadi mwisho ili tromboni isikike vizuri atakuwa amemwokoa mpigaji, lakini ameondoa kifo cha Dionysus, na dansi ya mwisho haitakuwa na cha kushangilia.