Kanisa Baada ya Mgodi Kufungwa: Kutoka Ipole hadi Mpanda

Ipole, iliyoko wilayani Sikonge kusini mwa Tabora, ni njia panda ambapo tawi moja la barabara hushika upande wa Mpanda na jingine hupitia Rungwa hadi Chunya, na ncha zote mbili huishia katika miji iliyokuzwa na madini, kisha ikadhoofika yalipopungua. Chunya ilistawi kwa dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1930, ilhali Mpanda ilitegemea mgodi wa Mukwamba uliochimba risasi, yaani metali laini itumikayo katika betri, hata ikajengewa tawi la reli kutoka Kaliua kabla ya mgodi huo kufungwa mwaka 1960.

Unyamwezi, yaani nchi ya Wanyamwezi iliyozunguka Tabora, ulikwisha kuonja anguko la namna hiyo mapema zaidi, kwa kuwa wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo ya misafara iliyopita Tabora kati ya Bagamoyo na Ujiji, walipoteza kazi yao reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ni katika kipindi hicho cha mabadiliko ndipo wamisionari wa Kanisa la Moravian, walioipokea misheni ya Urambo kutoka kwa wamisionari wa London mwaka 1898, walipoeneza vituo vyao hadi Sikonge na Ipole, wakiunganisha ibada na shule na tiba. Huduma ya Sikonge kwa wagonjwa wa ukoma, ambao mara nyingi walitengwa na jamaa zao, ilionyesha kwamba thamani ya mtu haipimwi kwa nguvu zake za kubeba wala za kuchimba.

Umuhimu wa kanisa katika mji wa mgodi hutokana na jinsi mji wenyewe unavyoundwa. Kampuni huleta vibarua wa makabila mengi walio mbali na koo zao, na kwa kuwa nyumba, zahanati na mishahara ni vyake, vyote huyumba inapoondoka. Hapo ushirika wa waumini huchukua nafasi ya ukoo, ukiuguza wagonjwa, ukizika wafu, ukitunza wajane na kuwapokea wageni, tena mara nyingi bila kuuliza kabila la mtu.

Mpanda ilidhihirisha jambo hilo baada ya mgodi kufungwa, wakati wakimbizi kutoka Burundi walipopewa makazi ya Katumba, kisha Mishamo, katika miaka ya 1970. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, lililohusiana na Walutheri, lilishirikiana na serikali na Umoja wa Mataifa kujenga makazi hayo, na wakulima waliokuja mikono mitupu wakalifufua eneo ambalo kampuni ilikuwa imeliacha.

Hata hivyo, kanisa haliwezi kuubeba peke yake mji usio na kazi, kwani hospitali huhitaji dawa na wauguzi, na vijana huhitaji riziki. Kwa hiyo makanisa, halmashauri na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanapaswa kupanga pamoja, mapema, wakati madini hayo yangali yanapatikana, ili sehemu ya faida yao iimarishe kilimo, ufugaji wa nyuki, shule na zahanati. Huduma zikisubiri mpaka mgodi ufungwe, watakaoumia kwanza ni wajane, wagonjwa na watoto.