Afisa Ni Yule Yule, Kazi Imebadilika: Maana ya AP Kuhamia Polisi wa Kenya kwa Mkazi wa Kipkelion

Kwa miaka mingi mtu wa Kunyak, Kamasian au Sorget aliyeibiwa ng'ombe alijua pa kuanzia. Alienda kwa chifu, na chifu akamtuma askari wa AP aliyekaa kambini hapo karibu. Askari huyo aliijua njia ya mkato, aliijua familia, na mara nyingi alijua hata ng'ombe mwenyewe. Kesi ikimalizika kwa mazungumzo chini ya mti, ilimalizika. Isipomalizika, mlalamishi alitumwa kituo cha polisi na kuanza upya mbele ya askari wengine wasiomjua.

Mpango huo ulibadilika mwaka wa 2018. Hata hivyo, katika mabaraza ya Kipkelion Mashariki na Kipkelion Magharibi bado tunasikia maswali yale yale: AP wetu walienda wapi? Kwa nini yule tuliyemzoea sasa anavaa sare ya bluu? Chifu bado anaweza kumtuma? Nikiwa na shida, niende wapi? Makala haya yanajibu maswali hayo, kwa sababu mtu asiyejua mlango wa kubisha hupoteza siku, na wakati mwingine hupoteza kesi yenyewe.

Vikosi viwili vilitoka wapi

Polisi wa Utawala walianza enzi za ukoloni. Sheria ya mwaka wa 1929 iliwatambua kama Polisi wa Kikabila, na kazi yao ilikuwa kuwasaidia machifu na wakuu wa wilaya kutekeleza amri za serikali. Mwaka wa 1958 jina likabadilishwa kuwa Polisi wa Utawala. Kwa muda huo wote Polisi wa Kenya walikuwa kikosi tofauti chenye vituo vyake, mafunzo yake na wakubwa wake. Askari mmoja alifunzwa Embakasi, mwingine Kiganjo. Wote wawili walibeba bunduki na kukamata wahalifu, lakini kila mmoja alipokea amri kutoka kwa mkubwa wake.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana wazi wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ambazo wakazi wa Kipkelion na Londiani hawahitaji kukumbushwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilichunguza ghasia hizo na kupendekeza Polisi wa Utawala waingizwe ndani ya Polisi wa Kenya. Katiba ya 2010 haikufika huko. Ilivibakisha vikosi vyote viwili, lakini ikaviweka ndani ya Huduma moja ya Kitaifa ya Polisi, chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Kila kikosi kina Naibu Inspekta Jenerali wake.

Kilichofanyika 2018

Mnamo Septemba 13, 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindua mpango mpya wa kupanga upya huduma ya polisi. Chini ya mpango huo, maafisa 24,572 wa Polisi wa Utawala waliokuwa wakifanya kazi za kawaida za ulinzi mashinani walihamishiwa Polisi wa Kenya. Hawa hawakuwa makurutu. Wengi walikuwa na miaka mingi kazini, wengine wakiwa makoplo, masajini na mainspekta.

Katika ngazi ya kaunti, kaunti ndogo na kituo, kazi za kawaida za polisi ziliwekwa chini ya kamanda mmoja badala ya wawili. Kambi nyingi za AP zilibadilishwa zikawa vituo vya polisi. Sare mpya ya bluu ilizinduliwa siku hiyo hiyo. Serikali pia ilitangaza kwamba maafisa watalipwa marupurupu ya nyumba ili waishi miongoni mwa raia badala ya kukaa kambini.

Polisi wa Utawala nao hawakufutwa. Waliobaki walipewa majukumu maalum: kulinda mipaka ya nchi, kulinda majengo na mitambo muhimu ya serikali, na kuingilia kati kwa haraka palipo na hatari. Kikosi cha kupambana na wizi wa mifugo, ambacho awali kilikuwa chini ya Polisi wa Kenya, kilihamishiwa kwao. Kwa hiyo ukimwona afisa wa AP leo, usidhani amesahauliwa. Ana kazi yake, ila si ile ya kupokea ripoti za kila siku za kijiji.

Afisa alihama na nini, na alihitaji kujifunza nini

Afisa aliyehama hakuanza upya maisha yake ya kazi. Vyeo katika vikosi vyote viwili vimepangwa na sheria moja, yaani Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, kwa hiyo sajini wa Polisi wa Utawala ana cheo kinachojulikana pia katika Polisi wa Kenya. Kupandishwa vyeo na kuhamishwa ni mambo ambayo Katiba, katika kifungu cha 246, imeyaweka mikononi mwa Tume ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi.

Lakini kazi yenyewe ilibadilika sana. Sheria hiyo ya 2011 inawapa Polisi wa Kenya jukumu la kuchunguza uhalifu. Polisi wa Utawala kazi yao kubwa imekuwa kulinda, kusaidia maafisa wa serikali na kutuliza migogoro. Afisa aliyezoea kulinda ofisi na kusindikiza chifu alijikuta mezani akiandika taarifa ya mlalamishi. Ilimbidi kujua namna ya kuhifadhi mahali pa tukio pasikanyagwe, kutunza kielelezo hadi kifike mahakamani, na kusimama kizimbani kuulizwa maswali na wakili. Kesi nyingi huanguka kwa makosa madogo ya aina hiyo: taarifa isiyotiwa sahihi, panga lililopita mikono mingi, tarehe zisizolingana.

Kwa upande mwingine, afisa huyo alikuja na kitu ambacho hakifundishwi chuoni. Anaijua sehemu. Anajua njia ambazo mifugo hupitishwa kuelekea Fort Ternan na Muhoroni, na anajua mgogoro gani wa shamba uko karibu kulipuka. Ujuzi huo una thamani kubwa katika eneo kama letu linalopakana na kaunti za Kisumu, Nandi, Uasin Gishu, Baringo na Nakuru. Uhamisho huu unafaulu pale ujuzi wa kijiji unapokutana na ujuzi wa uchunguzi. Unaharibika pale afisa anapoendelea kumaliza kesi za jinai chini ya mti kama zamani, au pale anapohamishwa mbali na nafasi yake kuchukuliwa na mtu asiyejua lolote kuhusu sehemu hii.

Kenya si nchi pekee iliyopitia hali hii. Mnamo Aprili 1, 2013, Uskoti iliunganisha vikosi vinane vya maeneo kuwa kikosi kimoja cha taifa. Huko nako wananchi walikuwa na hofu ya kumpoteza afisa anayewajua.

Chifu bado anaweza kumtuma afisa?

Chifu na naibu wake bado ni wawakilishi wa serikali ya kitaifa. Bado wana wajibu wa kudumisha amani na kupokea habari za usalama, na wanaweza kuomba polisi wafike mahali. Lakini afisa wa Polisi wa Kenya anapokea amri kutoka kwa mkuu wa kituo chake, si kutoka kwa chifu. Katiba, kifungu cha 245, inakwenda mbali zaidi: hakuna mtu anayeruhusiwa kumwelekeza Inspekta Jenerali kuhusu uchunguzi wa kosa fulani, au kuhusu nani achukuliwe hatua za kisheria. Diwani, mzee wa kijiji, mwanasiasa na hata ofisi ya kaunti hii hawawezi kuamuru kesi ya mtu ifunguliwe au ifungwe.

Kwa mwananchi wa kawaida hii ni kinga. Ukigombana na mtu aliye karibu na wakubwa, kesi yako haipaswi kutegemea nani anamjua nani.

Na askari wa kaunti?

Hapa kuna mkanganyiko mwingine. Maafisa wa utekelezaji wa sheria za kaunti, wale mnaowaona sokoni na kwenye maegesho, si polisi. Wameajiriwa kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti na wanasimamia sheria za kaunti kuhusu biashara, usafi na kadhalika. Huduma ya polisi ni jukumu la serikali ya kitaifa kulingana na Jedwali la Nne la Katiba. Kwa hiyo uhamisho wa 2018 haukuwahusu. Walinzi wa mashamba makubwa ya majani chai nao ni wafanyakazi wa kampuni zao.

Hata hivyo, kaunti haikuachwa nje kabisa. Sheria ya 2011 inaweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti inayoongozwa na Gavana au waziri wa kaunti aliyeteuliwa naye. Humo wamo wakuu wa usalama wa kaunti, wawakilishi wa bunge la kaunti, na wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, vijana, dini, mashirika ya kijamii na watu wenye mahitaji maalum. Mamlaka hiyo haitoi amri kwa polisi. Kazi yake ni kupendekeza mambo ya kutangulizwa, kufuatilia hali ya uhalifu na kuendeleza ushirikiano wa polisi na jamii.

Ukiwa na shida, fuata hatua hizi

Tuseme mama mmoja mkulima wa Chepseon anaamka alfajiri kukamua na kukuta zizi limevunjwa. Afanye nini?

Kwanza, asikanyage palipovunjwa na asiruhusu majirani wapitepite hapo. Nyayo na kufuli lililovunjwa ni ushahidi.

Pili, apige simu 999 au 112, au afike kituo cha polisi kilicho karibu. Anaweza kumjulisha chifu na wazee wa nyumba kumi ili wasaidie kutafuta, lakini kumjulisha chifu si sawa na kuandikisha ripoti.

Tatu, ahakikishe ripoti imeandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho wengi wetu tunakiita OB, na apewe nambari yake. Ripoti isiyo na nambari ya OB ni vigumu kuifuatilia. Hata kama afisa ni jirani yake wa kupanga na wanasalimiana kila asubuhi, ripoti ya mdomo mlangoni pake haitoshi. Nyumba ya afisa si kituo.

Nne, asomewe taarifa yake kabla ya kutia sahihi, kwa lugha anayoielewa. Kama Kiswahili kinamsumbua, aombe mtu wa kumtafsiria kutoka Kipsigis au lugha yake nyingine.

Tano, asilipe. Kuandikisha ripoti ni bure. Fomu ya P3 kwa aliyejeruhiwa hutolewa na polisi bila malipo. Dhamana ya polisi, ile ya kumwachilia mshukiwa kwa ahadi ya kurudi, pia ni bure. Mtu akitozwa pesa ya dhamana ya fedha taslimu, lazima apewe risiti.

Sita, kama aliyekamatwa ni jamaa yake, akumbuke kwamba Katiba, kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha siku au saa ambayo mahakama haiketi, afikishwe siku ya mahakama inayofuata.

Ukidhulumiwa na afisa

Iwe ni Polisi wa Kenya au Polisi wa Utawala, njia ya kulalamika ni moja. Anza kwa mkuu wa kituo au kamanda wa polisi wa kaunti ndogo. Usiporidhika, au jambo likiwa zito kama kifo au majeraha mabaya yaliyosababishwa na polisi, peleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru ya kuangalia utendakazi wa polisi iliyoundwa na sheria ya 2011. Nambari yake ya simu ya bure ni 1559. Andika jina la kituo, tarehe, saa, na jina au nambari ya afisa iliyo kwenye sare. Huhitaji wakili wala pesa.

Neno la mwisho kwa wakazi

Afisa aliyehama mwaka wa 2018 alibeba uzoefu wake kutoka kambi ya chifu hadi kituo cha polisi. Nasi tunapaswa kuhama pamoja naye. Mjulishe chifu na umsalimu afisa kama zamani, lakini ripoti yako iandikwe kituoni, na usiondoke bila nambari ya OB mkononi. Siku kesi itakapoitwa mahakamani, hakimu hataulizia mti mliokutana chini yake. Ataulizia kilichoandikwa.