Wachungaji Waliofuatana Golbanti

Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu kwa njia ya bara hufika Garsen, mji ulio kando ya Mto Tana. Si mbali na hapo, upande uelekeao baharini, kipo kijiji cha Golbanti, nacho kina kanisa la Kimethodisti ambalo kazi yake ilianza zaidi ya miaka 130 iliyopita. Jina la Ribe wengi wamelisikia, na la Rabai pia. La Golbanti husikika kwa nadra. Lakini ni vigumu kupata mahali pengine katika Pwani ya Kenya ambapo wachungaji wamefuatana kwa namna ya ajabu kama pale.

Lugha yetu humwita mchungaji mtu alishaye ng'ombe, na vivyo hivyo humwita mchungaji mtu aongozaye kanisa. Golbanti majina hayo mawili yalikutana kweli, kwa kuwa misheni ile ilikusudiwa hasa kwa wachungaji wa ng'ombe, watu wa Orma, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wagalla. Jina hilo la zamani walipewa na wengine, na wao wenyewe hawalipendi.

Aliyeanza kuwatamani watu hao alikuwa Dakta Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844. Kabla ya hapo alikuwa amekaa Shoa, katika nchi ya Habeshi, akaamini kwamba taifa hilo kubwa la wafugaji likipata Injili, Afrika ya Mashariki nzima itaipata. Maandiko yake yaliwavuta Wamethodisti wa Uingereza, na mwaka wa 1862 alirudi Mombasa pamoja na kijana Thomas Wakefield na wenzake wachache. Wakafanya makao Ribe. Lakini Ribe ni nchi ya Wamijikenda, na shabaha ilikuwa Waorma. Wakefield alikwenda kuwatembelea, na habari za safari yake zikachapwa mwaka wa 1866. Hata hivyo alingoja karibu miaka ishirini zaidi kabla ya kupata kituo kwao. Katika muda huo alimzika mkewe Rebecca huko Ribe mwaka wa 1873, na mwenzake Charles New, yule aliyepanda Kilimanjaro hata akaifikia theluji, akafariki mwaka wa 1875.

Hatimaye, katikati ya miaka ya 1880, Golbanti ikapatikana. Kufika kwake hakukuwa jambo dogo. Mtu alitoka Lamu kwa chombo mpaka Kipini, akaingia Mto Ozi, akapita mfereji wa Belazoni, ndipo akaingia Tana kwa mtumbwi wa kusukumwa kwa upondo, huku mbu wakimfanyia karamu. Mchungaji aliyewekwa pale alikuwa John Houghton, pamoja na mkewe Annie. Hawakukaa sana. Mwezi wa Mei mwaka wa 1886 Wamasai waliokuwa wakiwashambulia Waorma kwa ajili ya ng'ombe walikishukia kijiji, na bwana na bibi Houghton wakauawa pamoja na baadhi ya wenyeji. Makaburi ya wamishenari wale wa kwanza yapo Golbanti hata leo.

Basi nani angekubali kurithi nyumba ya namna hiyo? Aliyeshika kazi alikuwa mchungaji Mwafrika, W. H. During, mtu wa Sierra Leone. Nchi hiyo ya Afrika ya Magharibi iliwapokea watumwa waliokombolewa, na Wamethodisti walikuwa na makanisa huko kabla hawajafika Mombasa. Jambo hili halikumbukwi vya kutosha. Tumezoea kuambiwa kwamba Wazungu walitangulia kuwa wachungaji, kisha baada ya miaka mingi Waafrika wakawafuata. Golbanti haikwenda hivyo. Mchungaji wa kwanza aliuawa, na katika siku za hatari kuliko zote nyumba ilishikwa na Mwafrika, naye alikuwa mgeni pale sawasawa na Mwingereza: nyumbani kwake palikuwa upande wa pili wa bara hili.

Katika miaka ya 1890 alikuwako Robert Ormerod, Mwingereza aliyesafiri sana kando ya mto na kuandika habari zake, naye akafariki akiwa bado katika kazi. Baada yake wakaja wengine, na wengine tena.

Kufuatana huku si kwa sababu ya homa na mikuki tu. Ni desturi ya Wamethodisti tangu siku za John Wesley, aliyefariki mwaka wa 1791, kwamba mhubiri asikae mahali pamoja muda mrefu. Kanisa halimchagui mchungaji wake. Hupangiwa na mkutano, naye akiambiwa ondoka, huondoka. Sisi makarani tunaijua vema barua ya uhamisho, hufika siku ile mahindi yako yanapoanza kubeba. Desturi hiyo ina faida yake, kwa kuwa humzuia mtu asilifanye kanisa kuwa shamba lake. Lakini kando ya Tana ilikuwa na hasara kubwa. Lugha ya watu haijifunzwi kwa mwaka mmoja, na mchungaji aliyeanza kusema bila mkalimani mara nyingi ndiye aliyekuwa karibu kufunga sanduku au kuingia kaburini.

Kwa hiyo kanisa lilishikwa na wale wasiohamishwa: waalimu wa vijijini, wahubiri wasiotawazwa, wazee na akina mama. Orodha ya wachungaji haiwataji, nami naona orodha hiyo ina upungufu, maana siku ambazo nyumba ya mchungaji ilikuwa tupu, sala zilihitaji mtu wa kuziongoza.

Na watu hao wengi wao hawakuwa Waorma. Vita na Wasomali vilikuwa vimewadhoofisha Waorma tangu kabla ya misheni kuja, na tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 ikazidi kuwafukarisha. Isitoshe, mfugaji hufuata majani, wala hangoji kengele ya Jumapili. Baadaye Waorma wakaingia katika Uislamu. Waliobaki kanisani walikuwa hasa Wapokomo, wakulima wa mpunga na ndizi, ambao makao yao ni mto wenyewe.

Wapokomo walikuwa na walimu wao wengine pia. Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen walikuwa wamejenga Ngao, jirani na Golbanti, na Ferdinand Würtz alijifunza Kipokomo na kukiandika. Vita Vikuu vya Kwanza vikawaondoa Wajerumani katika kazi, wakarudi, vita vya pili vikawaondoa tena, na makanisa yao yakaingia mikononi mwa Wamethodisti. Hivyo misheni iliyowatafuta wafugaji ikawa kanisa la wakulima. Mwaka wa 1967 Wamethodisti wa Kenya walipata kujitawala, kiongozi wao wa kwanza akiwa Ronald Mng'ong'o, na tangu hapo wachungaji wa mto hupangwa na mkutano wa Kenya wenyewe.

Jambo hili si la historia tu. Mwaka wa 2012 na mwanzo wa 2013 Wapokomo na Waorma wa bonde hili walipigana kwa ajili ya ardhi na maji, na watu zaidi ya 100 wakauawa, wakiwamo wanawake na watoto. Katika siku za namna hiyo mchungaji aliyehamishiwa juzi kutoka mbali husemwa kuwa ni wa upande mmoja kabla hajafungua kinywa, kwa sababu kanisa lake limejaa watu wa upande mmoja. Naye hawezi kuwageukia Waorma kama wageni, maana ni kwa ajili yao kanisa lililetwa pale. Kiangazi kinapokaza, hushuka mtoni na ng'ombe wao kwa njia ziitwazo malka, na mara nyingi njia hizo hupita katikati ya mashamba ya waumini wake.