Bwana mifugo naye ashukuriwe

Mfugaji wa Unguja anayekamua leo bila hofu ya nagana ana deni kwa wataalamu wa mifugo. Kuanzia 1994, mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi huko Tanga walimwagwa kisiwani kwa ndege. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996.

Bwana mifugo akifika, akute ng'ombe ameshafungwa, si kukimbizana naye minazini. Weka maji na sabuni. Mwambie kweli umempa mnyama dawa gani, hata ya kienyeji. Lipa siku hiyo hiyo. Mkungu wa ndizi uwe nyongeza, si badala ya malipo. Na maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano usiyauze kabla ya siku alizokutajia kwisha.